Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mfumo wa maombi: mchana hausomeki

Waheshimiwa mnaosimamia mfumo wa maombi ya mtandaoni,

Assalamu alaykum.

Nina steshenari hapa Wete, Pemba. Zamani kazi ya duka kama hili ilikuwa kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuuza madaftari skuli zikifunguliwa. Siku hizi wengi wanaoingia wanakuja kwa ajili ya mfumo wenu: anayetaka kibali, anayetaka leseni ya biashara yake ndogo, mzazi anayemwombea mwanawe ufadhili. Ofisi yenu siitaji jina. Wenyewe mtajijua, na isitoshe maradhi ninayoyaeleza hamuumwi peke yenu.

Shida ni hii. Simu au kompyuta ikiwa kwenye mandhari meupe, yaani nyuma ya maandishi pakiwa peupe, mfumo wenu hausomeki. Ikiwekwa mandhari meusi unasomeka vizuri kabisa, hata mimi nausifu. Sasa simu nyingi zinazoletwa dukani kwangu ziko kwenye mandhari meupe, kwa sababu ndivyo zilivyonunuliwa na mwenyewe hajawahi kugusa popote. Nadhani wanaouona mfumo huu ukiwa mzuri ni nyinyi mlioutengeneza.

Hebu fungueni ukurasa wa kujisajili muutazame kwa jicho la mteja. Juu pana kichwa kilichoandikwa kwa nyeusi, hicho kinaonekana. Chini yake pana visanduku vya kujaza, lakini mistari yake imepauka mno hata mtu anadhani ukurasa haujamaliza kufunguka. Basi anakaa anasubiri. Ndani ya kila kisanduku pana maneno ya kijivu yanayoeleza kinachotakiwa: jina la kati, tarehe ya kuzaliwa, shehia. Hayo ndiyo maelezo pekee, juu ya kisanduku hakuna kitu. Asiyeyaona hajui anaulizwa nini, na aliyeyaona akianza tu kuandika yanafutika, akigeuka kumjibu mtoto ameshasahau alikuwa anajaza nini.

Kisanduku cha maelezo ya ziada ndicho kiboko. Herufi unazoandika humo ni nyeupe, na kisanduku chenyewe ni cheupe. Bi mkubwa mmoja kutoka upande wa Kiuyu alikaa kwenye benchi la nje akijaza mwenyewe kwa simu yake. Hakutaka kusaidiwa, na hiyo ni haki yake. Aliandika, hakuona kitu. Akadhani kidole hakikugusa sawasawa, akaandika tena, na tena. Aliponiita hatimaye nikayachagua maandishi yote ili yapate rangi ya buluu nyuma yake, tukakuta maelezo yamejirudia-rudia, yameshikana bila nafasi, na maneno ya mwisho hayakuwa ya kupelekwa ofisini. Tulicheka wote wawili, lakini yeye alikuwa ameshapoteza asubuhi yake.

Kitufe cha kuwasilisha nacho ni herufi nyeupe juu ya rangi ya chungwa. Mtu akikitazama anakiona kama kimezimwa, kwa hiyo anarudi juu kutafuta alichosahau kujaza. Hajasahau kitu. Kitufe kinafanya kazi, ila hakisemi.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni kontroo namba. Ombi likipita, mfumo unatoa mstari mrefu wa tarakimu zisizo na nafasi katikati, kwa kijivu kilekile na kwa herufi nyembamba. Tarakimu hizo ndizo pesa. Mwenyewe anatakiwa azisome kwenye kioo, azihamishe kwenye menyu ya malipo ya simu, na kwa kawaida anafanya hivyo kwa kuzishika kichwani nusu nusu, kwa sababu simu ni moja. Katika kijivu kile 3 na 8 ni ndugu, 5 na 6 ni ndugu, 1 na 7 ni pacha. Akikosea moja, menyu inamwambia namba si sahihi. Hajui kama amekosea yeye au ombi lake ndilo lenye kasoro, na anayetoka Makangale amepanda gari kuja mjini kwa shughuli hiyo moja tu. Nimeshawaona watu wazima wakiondoka wakiamini wamenyimwa, na ombi lao liko salama salimini linasubiri kulipiwa.

Msije mkaniambia ni macho ya wazee. Jambo hili linapimika, na kipimo chake kipo siku nyingi. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya kurasa za intaneti duniani, lina miongozo iitwayo WCAG. Namba za tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake zimo humo tangu toleo la Desemba 2008, zikabaki katika toleo la 2018 na la 2023. Hesabu yenyewe haina uchawi. Kila rangi ina kiasi chake cha mwanga, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 1 kwa nyeupe. Unachukua kiasi cha rangi yenye mwanga zaidi, unaongeza 0.05, unachukua cha ile iliyokolea, unaongeza 0.05 vilevile, unagawa cha kwanza kwa cha pili. Nyeusi juu ya nyeupe inatoa 21 kwa 1, na hapo ndipo kilele. Nyeupe juu ya nyeupe ni 1 kwa 1, yaani hakuna maandishi.

Maandishi ya kawaida yanatakiwa yasishuke chini ya 4.5 kwa 1. Makubwa yanaruhusiwa 3 kwa 1, na tangu 2018 mistari ya visanduku na alama za vitufe nazo zinadaiwa 3 kwa 1. Anayetaka daraja ya juu anakwenda 7. Hiyo 4.5 haikuokotwa njiani. Walianza na 3, wakaipandisha ili kumfidia mtu mwenye uoni wa 6/12, yaani anayelazimika kusogea mita 6 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 12. Ndio uoni wa kawaida wa wazee wanaokaribia miaka 80, na wazee wa aina hiyo kwangu wanaingia kila siku, alhamdulillah.

Nikafungua mfumo wenu kwenye Chrome, nikaingia kwenye zana zake za kukagua ukurasa. Ukibonyeza rangi ya maandishi pale, kivinjari chenyewe kinakupa uwiano, huhitaji kununua kitu wala kuwa mtaalamu. Kijivu chenu ni #AAAAAA, ndivyo kompyuta inavyoiandika rangi: juu ya nyeupe kinatoa 2.3 kwa 1. Mistari ya visanduku ni #DDDDDD, na haifiki hata 1.4. Nyeupe juu ya chungwa la kitufe, #FFA500, haifiki 2. Kisanduku cha maelezo ya ziada kikatoa 1 kwa 1. Hapo hata mashine ilikubaliana na bi mkubwa wa Kiuyu.

Halafu nikafanya jambo ambalo naona ndilo linaloeleza kisa chote. Nikakipima kijivu hichohicho cha #AAAAAA juu ya rangi ya nyuma ya mandhari yenu meusi, ambayo ni #121212. Kikatoa 8 kwa 1. Rangi ni ileile, herufi ni zilezile. Kwa hiyo kijana aliyeichagua aliichagua vizuri tu, ila aliichagua kwa ajili ya giza. Baadaye akatokea mtu akaambiwa aongeze mandhari meupe, akageuza nyuma ikawa nyeupe na maandishi akayaacha palepale. Na baadhi ya rangi, kama ile nyeupe ya maandishi ya kisanduku, zimeandikwa kwa mkono ndani ya ukurasa mmoja mmoja badala ya kuchotwa kwenye orodha moja, ndiyo maana mandhari yakibadilika zenyewe hazina habari.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 10, zikiwashwa kiokoa betri zinajigeuza kuwa kwenye mandhari meusi. Sasa mtu anashinda kutwa mfumo unamgomea, jioni chaji imebaki kidogo, kiokoa betri kinawaka, mfumo unasomeka. Ndipo ulipozuka uvumi kwamba mfumo wenu unakubali usiku tu, kwa kuwa mchana mtandao unazidiwa. Wapo wanaoamka alfajiri kabla ya sala kwenda kujaza fomu.

Nilipopiga simu kwenye namba yenu ya msaada nikajibiwa kwa upole: waambie waweke mandhari meusi. Jibu hilo linamfaa aliyekaa ofisini penye kiyoyozi. Nje, kwenye jua la saa saba, skrini nyeusi inageuka kioo cha kujitazamia. Unaona paji la uso wako na mnazi ulio nyuma yako, fomu huioni. Juani skrini nyeupe ndiyo inayoweza kupambana. Na watu wetu wako juani. Msimu wa karafuu mtu hawezi kuyaacha majamvi yake uwanjani na wingu linajikusanya, akaingia ndani kutafuta kivuli cha kusomea simu. Mvuvi yuko dikoni. Sheha anazunguka nyumba kwa nyumba. Hao ndio mnaowaambia wazime mwanga.

Tena jua halimdhulumu kila mmoja sawasawa. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo cha simu unajiongeza kwa kiasi kilekile juu ya herufi na juu ya weupe ulio nyuma yake, kwa hiyo uwiano unaporomoka. Chukueni mfano kwamba mwanga huo ni nusu tu ya weupe wa skrini. Maandishi yaliyokuwa 7 kwa 1 yanashuka hadi 2.4, yanapauka, lakini kwa kujitahidi yanasomeka. Yenu ya 2.3 yanabaki 1.6. Na jua la Pemba likipiga kioo moja kwa moja, nusu hiyo mara nyingi inapitwa. Ndiyo maana ninasema mandhari meupe ndiyo yaliyostahili kupimwa kwanza na kwa ukali zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayokwenda nje.

Upo na upande wa karatasi, ambao nyinyi labda hamuufikirii kabisa, ila mimi ndio unaonilisha. Mtu akishajaza anataka chapa. Printa ya leza haina wino wa kijivu. Inatengeneza kijivu kwa kutawanya vidoto vyeusi. Herufi nyembamba ya kijivu cha #AAAAAA inatoka imekatika-katika. Mwenyewe anatakiwa apeleke nakala kwa sheha, nyingine skuli, nyingine abaki nayo, kwa hiyo tunaitoa kopi, na kwenye kopi ya kopi kontroo namba inakuwa ukungu. Mbaya zaidi ni ukurasa wa hali ya ombi. Hapo mmeweka viduara: kijani limekubaliwa, chekundu limekataliwa, cha manjano linashughulikiwa. Neno hakuna. Kivinjari kwa kawaida hakichapi rangi za nyuma, na viduara vyenu vimetengenezwa kwa rangi ya nyuma, kwa hiyo karatasi inatoka na jina la mwombaji likifuatiwa na nafasi tupu. Nimelazimika kuandika kwa kalamu "limekubaliwa" na kugonga muhuri wa duka, jambo ambalo sina mamlaka nalo hata kidogo.

Viduara hivyo hata kwenye skrini vina watu wake wasiowafaa. Wapo wasiotenganisha kijani na nyekundu, wengi wao wanaume, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Na manjano juu ya nyeupe haonekani kwa mtu yeyote. Kuhusu wenye mtoto wa jicho sina haja ya kueleza sana. Lenzi ikiingia ukungu, kinachoanza kupungua ni uwezo wa kutofautisha kilichopauka na kilicho nyuma yake. Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni inakuza herufi tu. Kijivu kinabaki kijivu.

Sasa dawa. Siombi mfumo mpya wala zabuni. Siombi warsha. Anayejua kazi yake anaweza kuanza asubuhi.

Rangi zote zikusanywe mahali pamoja kwenye faili la CSS, lile linalopanga sura ya kurasa, kila moja ipewe jina la kazi yake: maandishi makuu, maandishi ya pili, mstari, kosa, kitufe. Kisha kila jina lipewe thamani mbili, moja ya meupe na moja ya meusi, na kurasa zichote humo tu. Palipoandikwa rangi kwa mkono pasakwe pafutwe. Msijaribu njia ya mkato ya kugeuza rangi zote kinyume kwa amri moja. Picha za vitambulisho zitatoka kama filamu za zamani.

Kwa mandhari meupe, kijivu hafifu kuliko vyote kinachopita juu ya nyeupe tupu ni #767676, kinachotoa 4.54. Msisimame hapo. Ukurasa wenu wa hali ya ombi hauna nyuma nyeupe tupu, una #F5F5F5, na hapo kijivu hicho kinashuka hadi 4.2 na kufeli. Chukueni #595959: juu ya nyeupe ni 7, juu ya #F5F5F5 ni 6.4, na bado kitaonekana kijivu kwa msanifu anayeogopa kwamba nyeusi ni kali mno. Ile #767676 ipeni kazi ya mistari ya visanduku, inaitosha na kubaki. Chungwa lenu mnalolipenda libakini nalo, ila herufi za kitufe ziandikwe kwa nyeusi. Uwiano unaruka kutoka chini ya 2 hadi zaidi ya 10 bila kubadilisha nembo wala kuitisha kikao.

Jina la kila kisanduku likae juu yake na lisiondoke mtu anapoandika. Viduara viandikwe maneno. Kosa liandikwe kwa nyekundu iliyokolea na lisemwe kosa ni nini, si "tafadhali hakikisha taarifa". Na kontroo namba, nawaombeni kwa dhati, iwe nyeusi, kubwa, imegawanywa katika mafungu, na pembeni yake pawe na kitufe cha kunakili.

Kupima nako ni rahisi. Zana zilezile za Chrome zinakuruhusu kugeuza mandhari bila kugusa simu, kuigiza uoni wenye ukungu, na kuigiza asiyetenganisha rangi. Lighthouse, iliyomo humo humo, inaorodhesha maandishi yaliyo chini ya kiwango. Haikamati kila kitu. Maandishi yaliyo juu ya picha mara nyingi yanaiponyoka, na jua hailijui. Kwa hiyo mkimaliza ofisini shukeni chini na simu ya bei ndogo, msimame nje adhuhuri, mwombeni mtu asiye mfanyakazi wenu alipie kitu.

Kama panahitajika sababu ya kisheria ya kuwekewa bajeti, ipo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari na intaneti kwa jina. Afisa wenu wa sheria atakijua.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, benchi langu linajaa wazazi hadi barabarani, na wote wanaingia kwenye mfumo wenu kwa wiki moja. Ningependa marekebisho yawe tayari kabla ya hapo. Kontroo namba na kile kisanduku cheupe vitangulie hata kama mengine yatachelewa. Mkitaka kujaribu huku, boti za Unguja zinafika Mkoani na gari za kuja Wete zipo kutwa. Benchi nitawapa bure. Mkishabadilisha, nitapima tena ukurasa mmoja mmoja, na utakaobaki chini ya 4.5 nitawaandikia namba zake.

Wenu,
Mwenye steshenari, Wete, Pemba